Wasomaji Wauliza: Nataka kuwa mshauri rika chuoni, nianzie wapi?

Kila mwaka, kati ya Agosti na Septemba, vyuo vikuu vya Nairobi hupokea wanafunzi wapya, na katika majuma hayohayo afisi nyingi za Mkuu wa Wanafunzi hubandika matangazo ya kutafuta washauri rika, yaani wanafunzi wanaopewa mafunzo ya kuwasikiliza na kuwaelekeza wenzao. Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo hilo. Nimechagua saba, nikazifupisha na kuondoa kila jambo linaloweza kumtambulisha mwandishi. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Mwalimu, pokea salamu zangu. Nasomea biashara, mwaka wa pili. Nimeona tangazo la kutafuta washauri rika nami natamani kutuma maombi, ila nina mashaka mawili. Alama zangu ni za wastani, na mwaka jana nilirudia mtihani wa somo moja. Isitoshe, mimi si msemaji. Penye watu kumi, mimi ndiye ninayenyamaza. Je, watu kama mimi huchukuliwa? Na nikiitwa kwenye mahojiano, wanaohoji hutafuta nini hasa?
*Msichana wa Kahawa Wendani*

Binti yangu, tuma maombi. Nianze na suala la alama, maana ndilo linalowazuia wengi. Kwa kawaida chuo hutaka mwombaji awe amesajiliwa, awe amemaliza angalau mwaka wa kwanza, asiwe na kesi ya nidhamu, na masomo yake yasiwe katika hatari ya kukatika. Sharti hilo la mwisho limewekwa ili kukulinda wewe, kwa sababu mwanafunzi anayezama katika masomo yake hawezi kubebeshwa shida za wengine. Halikuwekwa ili kutafuta vigogo wa darasa. Mtihani mmoja wa marudio hauvunji sharti hilo. Tena mtu aliyewahi kujiandikisha kwa mtihani wa marudio, akalipa ada yake na kukaa na habari hiyo kifuani kwa majuma kadhaa kabla ya kuwaeleza wazazi, anaijua njia ambayo mwenzake mwenye alama za juu ataisoma tu katika kijitabu cha kanuni.

Kuhusu ukimya wako, sioni tatizo lolote, mradi uwe ukimya wa mtu anayesikiliza wala si wa mtu anayeogopa. Walimu wanaowahoji waombaji hukutana na vijana wengi hodari wa kuhutubia, na mara nyingi hao ndio wanaoshindwa, kwa kuwa hawawezi kumwacha mtu amalize sentensi yake. Tarajia kuelezwa kisa na kuulizwa utafanyaje. Kwa mfano: mnayeishi naye chumba kimoja hajaenda darasani kwa majuma mawili, halali usiku, na simu za nyumbani hazishiki. Mwombaji asiyejiandaa hukimbilia suluhisho papo hapo: nitamtia moyo, nitamwombea, nitamwambia ajikaze. Anayefaa huanza kwa kuuliza. Angemwambia mwenzake alichokiona, bila kumhukumu, kisha angemuuliza mambo yako vipi na kunyamaza hadi ajibiwe. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini katika kazi hii mgonjwa huulizwa kwanza, kwa sababu mara nyingi anachokihitaji sicho tulichokwisha kumpikia.

Swali jingine linalopendwa ni hili: ni mtu wa aina gani ambaye ungeshindwa kumsikiliza? Usijibu kwamba unawapenda watu wote. Hakuna anayeamini jibu hilo. Kama una uchungu na walevi kwa sababu ya yaliyotokea nyumbani kwenu, sema hivyo, na useme pia ungemkabidhi mwanafunzi wa namna hiyo kwa nani.

Ukichaguliwa utapewa mafunzo, ambayo katika vyuo vingine huchukua siku chache na katika vingine muhula mzima. Utafundishwa kusikiliza, kutunza siri na mipaka ya siri hiyo, dalili za sonona na wasiwasi, pombe na dawa za kulevya, afya ya uzazi, na dhuluma za kingono. Programu nyingi za namna hii nchini zilipata nguvu katika vita dhidi ya UKIMWI, ambao serikali iliutangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, na ndiyo sababu hata leo utakuta sehemu kubwa ya mafunzo imeelemea upande huo. Silalamiki. Kuna mambo humo ambayo ni lazima uyashike kichwani bila kutazama daftari, kwa mfano kwamba mtu aliyebakwa anapaswa kufika hospitalini kabla ya saa 72 kupita ili aweze kupewa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi, na kwamba akifika mapema zaidi ni bora zaidi. Mtu akikueleza habari hiyo usiku wa Jumapili, huna nafasi ya kungoja afisi ifunguliwe. Shika pia nambari ya bure ya 1195, ya msaada kwa waathiriwa wa dhuluma za kijinsia.

Hata hivyo, usidhani kwamba kila anayekuja kwako atakuwa na jeraha kubwa. Wengi watakuja na jambo ambalo mwanzoni linaonekana kama la karatasi. Alama za somo alilolifanya hazionekani kwenye matokeo, mhadhiri anasema alizipeleka idarani, idara inasema haijaziona, na mahafali yanakaribia. Mwingine amekatiwa bweni, anakodi chumba Ngara na mwenye nyumba anadai. Mwingine amepangwa katika bendi ya ufadhili asiyoielewa. Utakumbuka kwamba tangu 2023 mwanafunzi anayeingia chuo kikuu cha umma hupangwa katika mojawapo ya bendi kadhaa kulingana na uwezo wa familia yake, na gharama ikagawanywa kati ya msaada wa serikali usiorudishwa, mkopo wa HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na kile ambacho familia inatakiwa kulipa. Mtoto wa mama anayeuza mboga Gikomba akijikuta katika bendi ya watu wenye uwezo, hahitaji kwanza mtu wa kumtuliza. Anahitaji mtu wa kumwambia kwamba anaweza kuomba upangaji huo ukaguliwe upya, aambatanishe stakabadhi gani, na apitie mlango upi. Akishalipata hilo, ndipo pengine atakaa tena na kukueleza kwamba hajala tangu jana, au kwamba anafikiria kuacha chuo. Karatasi ndiyo iliyomleta, na ungeidharau usingelisikia hilo la pili.

Kwa sababu hiyo nakupa kazi ya kufanya kabla ya mahojiano, ambayo sijaiona katika tangazo lolote. Tembea chuoni ukiwa na daftari. Ingia katika afisi ya Mkuu wa Wanafunzi, kitengo cha ushauri nasaha, zahanati, afisi ya msajili, dawati la mikopo, afisi ya mabweni, na kwa mwenyekiti wa idara yako. Uliza kila mahali: mwanafunzi akiwa na shida fulani huja na nini, saa ngapi, na baada ya hapa huenda wapi? Uliza jinsi ya kuahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa au uzazi, kwa kuwa wanafunzi wengi hutoweka tu bila kuandika barua, kisha wakirudi hukuta majina yao yamefutwa. Andika majibu. Waombaji wengi wataingia kwenye mahojiano wakiwa na moyo mwema. Wewe utaingia ukiwa na moyo mwema pamoja na daftari hilo.

Je, washauri rika hulipwa? Na je, ni vibaya kuutumia ushauri rika kujijengea jina kabla ya uchaguzi wa chama cha wanafunzi? Nauliza waziwazi kwa sababu wengi hufanya hivyo kimyakimya.
*Komredi wa mwaka wa tatu, katikati ya jiji*

Ahsante kwa kutoficha. Kwa kawaida kazi hii ni ya kujitolea. Utapata cheti, fulana, pengine nauli na chakula siku za mafunzo, na barua ya utambulisho ambayo hufaa baadaye unapotafuta kazi. Ikiwa unachohitaji ni pesa za matumizi, uliza iwapo chuo chako kina mpango wa kazi za malipo kwa wanafunzi, maana huo una mlango wake.

Kuhusu uchaguzi, jibu langu ni kwamba usivivae viatu vyote viwili kwa wakati mmoja. Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, viongozi wa wanafunzi huchaguliwa kupitia wajumbe badala ya kura ya moja kwa moja ya kila mwanafunzi, na kwa hivyo kila mjumbe ana thamani kubwa kwa mgombea. Sasa fikiria mjumbe aliyekuja kwako Machi akakueleza kwamba ana mimba, halafu Mei unamwendea kuomba kura. Hata usipotaja neno, yeye atasikia tishio. Ukitaka kugombea, jiuzulu ushauri rika kwanza, na mapema.

Mwalimu, mimi ni mshauri rika. Juma lililopita mwanafunzi alinijia akaniapisha kwamba sitamwambia yeyote, nami nikakubali kabla hajasema. Kisha akaniambia kwamba haoni tena sababu ya kuishi na kwamba amewahi kufikiria jinsi ya kujiua. Nikivunja ahadi nitampoteza kama rafiki. Nikiitunza naogopa. Tangu siku hiyo silali.
*Mwenye mzigo, Juja*

Mwanangu, usingoje gazeti hili likufikie mara ya pili. Ukimaliza kusoma aya hii, mpigie mnasihi, yaani mshauri wa kitaalamu anayewasimamia, au uende kwake. Ahadi ya siri haihusu uhai wa mtu, na haikuwahi kuuhusu. Ulipaswa kufundishwa kusema hivyo mwanzoni mwa kila mazungumzo, kwa maneno kama haya: utakayoniambia yatabaki hapa, isipokuwa nikiona kwamba maisha yako au ya mtu mwingine yamo hatarini, na hata hapo nitakuambia wewe kwanza kabla ya kumwambia mwingine. Maneno hayo hayawafukuzi watu kama wengi wanavyodhani. Anayetaka kusema atasema.

Kabla ya kwenda kwa mnasihi, au sambamba na hilo, rudi kwa mwenzako. Mwambie ukweli: niliahidi jambo nisiloweza kulitimiza kwa sababu nataka uishi, na ningependa twende pamoja. Muulize moja kwa moja kama bado anafikiria kujiua, kama ameamua namna na wakati. Watu wazima wengi huliogopa swali hilo wakidhani litampandikizia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi na hawakuona kwamba kuuliza huleta madhara. Mara nyingi anayeulizwa huona ahueni kwamba hatimaye kuna mtu aliyethubutu kulitaja. Akijibu kwamba ana mpango, usimwache peke yake hata kwa muda wa kwenda dukani. Kaa naye, mwite mwenzako wa pili, ondoeni chumbani vitu vya hatari, na mfuatane naye hadi kwa mnasihi, zahanati ya chuo, au idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Usiku kukiwa hakuna afisi, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199.

Huenda anaogopa polisi, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na familia nyingi zilificha ili mtoto asifikishwe mahakamani. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mweleze hivyo. Huenda pia anaogopa kutajiwa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, kwa sababu katika jiji hili jina hilo limetumiwa kama tusi tangu wazazi wetu wakiwa watoto. Hospitali hiyo ina kliniki ambazo mtu huenda asubuhi akaonwa na daktari na kurudi chumbani kwake mchana, na wanaokwenda huko ni wahasibu, walimu na wanafunzi kama yeye.

Halafu kuna wewe. Umesema hulali, na ulilisema mwishoni kabisa kana kwamba ni jambo dogo. Utakapomwona mnasihi kuhusu mwenzako, baki kitini baada ya hapo na uzungumze habari zako. Na kuhusu urafiki, huenda akakukasirikia kwa muda. Heri hasira ya mtu aliye hai.

Mimi ni mhadhiri. Kwa heshima, naona jambo hili kama hatari. Tunawatwika vijana wa miaka ishirini mizigo ambayo wataalamu husomea kwa miaka mingi. Je, hatuchezi na maisha ya watoto wa watu?
*Mhadhiri, Nairobi*

Mheshimiwa, nakubaliana nawe nusu, na nusu hiyo niitaje kwanza. Tangu 2014 Kenya ina sheria inayosimamia wanasihi na wanasaikolojia, na asiyesajiliwa chini yake hana ruhusa ya kujiita hivyo wala kutoa huduma hizo. Mshauri rika anayeanza kumwambia mwenzake kwamba ana ugonjwa fulani wa akili, au anayemkutanisha na wazazi wake ili atatue ugomvi wa ndoa yao, ametoka katika kazi yake na anapaswa kusimamishwa. Pia nimewahi kuona chuo ambacho, baada ya kukosa kuajiri wanasihi wa kutosha, kiliongeza idadi ya washauri rika na kujisifu kwamba kimejali afya ya akili. Hilo ni ukwepaji.

Lakini nusu ya pili inanizuia kuifunga milango. Mwaka 1953 kasisi Chad Varah alipoanzisha huduma ya Samaritans jijini London kwa watu waliokuwa karibu kujiua, alidhani ni yeye atakayewasaidia, na watu wa kujitolea walikuwepo ili kuwapa chai wale waliokuwa wakingoja zamu. Baada ya muda aligundua kwamba wengi walikwisha kupata walichohitaji pale kwenye chai, kwa mtu wa kawaida aliyewasikiliza, na mwaka uliofuata akawakabidhi watu hao kazi yenyewe. Hapa kwetu kuna ushahidi wa karibu zaidi. Utafiti wa programu iitwayo Shamiri, uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry, uliwahusisha wanafunzi 413 wa shule za sekondari za Kenya waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Vikundi vyao viliongozwa na vijana waliomaliza shule za sekondari hivi karibuni, wakapewa mafunzo na wakasimamiwa, nao walikutana saa moja kwa juma kwa majuma manne. Dalili zilipungua zaidi kuliko katika vikundi vilivyofundishwa mbinu za kusoma.

Neno la kutazama hapo ni kusimamiwa. Vijana wale hawakuachwa peke yao. Kwa hivyo swali ningekuomba ulipeleke katika baraza la kitivo chako ni kama washauri rika wa chuo chenu hukutana na mnasihi aliyesajiliwa kila juma, na kama wana nambari ya kumpigia saa tano usiku. Jibu likiwa hapana, nitatia sahihi yangu chini ya yako kutaka programu hiyo isitishwe hadi apatikane.

Washauri rika wa chuo chetu tuna kundi la WhatsApp. Mtu akipata kisa kigumu anakiandika pale ili tusaidiane mawazo. Majina huwa hatutaji, ingawa wakati mwingine picha za ujumbe huonekana. Je, kuna ubaya?
*Mshauri rika, Rongai*

Upo, tena mkubwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya ya mtu kuwa data nyeti, na simu thelathini za wanafunzi, zinazoazimwa, kuibwa kwenye matatu na kupelekwa kutengenezwa vibandani, si mahali pa kuzihifadhi. Na kuficha jina hakutoshi. Ukiandika kwamba ni msichana wa uhandisi mwaka wa nne anayetembea kwa magongo, umemtaja.

Kundi lenyewe lisifungwe, maana linafaa kwa ratiba za zamu na matangazo ya mafunzo. Visa vijadiliwe ana kwa ana katika kikao cha kila juma mbele ya mnasihi, na kama ni lazima kuandika kumbukumbu, ziandikwe kwa nambari badala ya majina na zifungiwe afisini. Picha za ujumbe zilizokwisha kutumwa zifutwe leo, na msimamizi wenu aelezwe kwamba zilitumwa. Usimfiche hilo kwa kuogopa karipio. Wenye siri hizo wana haki ya kulindwa na mtu anayejua kilichotokea.

Mwanangu ni mshauri rika na simu yake haizimi. Hata Jumapili tukiwa mezani anatoka nje kuongea na watu. Alama zake zimeshuka. Nimwambie aache?
*Mama wa Buruburu*

Mama, usimwambie aache kabla hujamuuliza mambo matatu: ana zamu za siku zipi, anawahudumia wanafunzi wangapi kwa sasa, na anayemsimamia ni nani. Kijana aliye katika programu iliyopangwa vizuri atayajibu yote bila kusita. Akisema hana zamu, hajui idadi, na msimamizi hajamwona tangu mafunzo yaishe, basi tatizo si moyo wake bali chuo, na anaweza kumwandikia Mkuu wa Wanafunzi kuomba apunguziwe. Majuma ya mitihani mshauri rika naye ni mtahiniwa. Wengi huona haya kusema hivyo kwa wenzao, na ruhusa ya mama husaidia sana.

Nimekuwa nikimsaidia msichana wa mwaka wa kwanza aliyefiwa na babake. Sasa hunitumia ujumbe kila usiku, wakati mwingine hadi saa saba, na ukweli ni kwamba nami nimeanza kumpenda. Sijamwambia. Sote ni watu wazima. Je, kuna kosa nikimweleza?
*Kijana wa Ngara*

Kijana wangu, usimweleze. Najua kwamba wewe si mwajiri wake wala mwalimu wake, na kwamba tofauti yenu ya umri huenda ni miaka miwili tu. Lakini alikuja kwako akiwa amefiwa, akakupa mambo ambayo hajampa mtu mwingine, nawe hukumpa yako. Anakujua kama mtu anayemsikiliza bila kuchoka, na hakuna mwanadamu wa kuishi naye aliye hivyo. Akikukubali sasa hutajua, wala yeye hatajua, amemkubali nani. Akikukataa, atakuwa amempoteza mshauri wake katika muhula uleule alioanza kuzoea kuishi bila baba.

Kosa lako hadi hapa si kupenda, kwa kuwa hilo halitawaliwi na kanuni ya chuo. Kilicholegea ni saa. Mazungumzo ya saa saba usiku hayana shahidi wala mwisho, na huwafanya watu wawili waone kwamba wako peke yao duniani. Mweleze msimamizi wako juma hili, waziwazi, pamoja na hisia zako. Amesikia visa kama hivyo na hatashangaa. Kisha mkutane na huyo dada mchana, mahali penye watu, umwambie kwamba kuanzia sasa atasaidiwa na mshauri mwingine, ikiwezekana mwanamke, na kwamba mnasihi wa chuo yupo kwa ajili ya huzuni ya msiba. Usimpe sababu ya uongo, kama vile mitihani au safari, wala usimtajie mapenzi. Sema tu kwamba umeona msaada wako umefika mwisho wake na kwamba anastahili mtu atakayeendelea naye vizuri zaidi. Mpeleke wewe mwenyewe hadi kwa mshauri huyo mpya na uwatambulishe, kwa sababu mtu aliyefiwa akiachwa kwenye korido akiwa na karatasi yenye nambari ya simu huhesabu kwamba ameachwa mara ya pili. Baada ya hapo, ujumbe wake wa usiku ukiingia, mjibu asubuhi, kwa mistari miwili, na umkumbushe jina la anayemhudumia sasa.